Mkaguzi Asiye na Mkwe

Ilitangazwa, na kila balozi wa nyumba kumi akaagizwa kulirudia tangazo hilo mbele ya watu wake neno kwa neno, kwamba katika kazi ya kukagua ng'ombe wa mchango wa vita mkaguzi hana ndugu, hana rafiki, wala hana mkwe, mpaka hapo adui atakapokuwa ameondolewa katika ardhi yetu na vita kwisha. Ilikuwa Novemba 1978. Kamati iliyolitunga tangazo hilo ilikuwa ya watu waangalifu. Walijua kwamba ndugu ni hatari na rafiki ni hatari, lakini mkwe walimweka mwisho, pale msomaji anapovuta pumzi, ili asisahaulike.

Mkaguzi mwenyewe alikuwa Anatoli Nshoma wa Kirushya. Tangazo lilimkuta mkutanoni, amekaa kwenye benchi moja na mkwe wake.

Kazi ya Anatoli haikuwa na jina ofisini. Nyumbani kwetu Ngara iliitwa kuangalia ng'ombe, na mtu wa nje angeweza kudhani ni uchungaji. Mchungaji huangalia ng'ombe asipotee. Anatoli alimwangalia ng'ombe aliyekwisha kuonekana, akasema ni ng'ombe wa namna gani. Kijana anapopeleka mtamba wa mahari, upande wa mwanamume huwa na mwangaliaji wake na upande wa mwanamke huwa na wake, na wale wawili humzunguka mnyama mbele ya wazee, hubishana, husifu, hukashifu, mpaka wakubaliane. Mtamba akikubaliwa, halafu ikaja kubainika kwamba ni tasa, upande wa mwanamume huleta mwingine. Ndiyo maana neno la mwangaliaji lina uzito. Likikosea, kuna mtu atakayefungua zizi lake kwa mara ya pili.

Anatoli alikuwa ameifanya kazi hii tangu ujana wake, na hakuwa mtu wa kusema "nadhani". Alisema "Atazaa", au "Hatazaa", au, kwa wale wanyama wa katikati, "Huyu anakula tu." Alimtazama ng'ombe akiamka, maana alisema ng'ombe akishasimama amekwisha kujipanga kama mtu anayepigwa picha. Alimtazama akinywa. Alimshika ngozi ya ubavuni, akaivuta, akaiachia, akahesabu kimoyomoyo inavyorudi. Halafu alitoa hukumu yake kwa sauti ileile aliyoombea chumvi mezani, na watu wakaenda nayo.

Katika semina za chama tulifundishwa kwamba thamani ya kitu ni kazi iliyomo ndani yake. Ng'ombe aliliharibu kidogo somo hilo, kwa sababu kazi kubwa huifanya mwenyewe, amelala, anatafuna. Anatoli alihudhuria semina hizo zote na hakupinga kitu. Mwaka 1974 watu walipohamishiwa vijijini na kila kaya ikatakiwa kutoa mnyama mmoja kwa zizi la ujamaa, yeye ndiye aliyeombwa kuwaangalia wanyama waliotolewa. Aliwazunguka, akawapita mmoja mmoja, akarudi kwa mwenyekiti.

"Vipi, mzee?" mwenyekiti aliuliza.

"Zizi ni zuri," Anatoli alisema. "Mmejenga hospitali nzuri sana."

Hakuna aliyemkasirikia. Kila mtu alikijua alichotoa.

Sasa mkwe. Katikati ya mwaka 1976, Leonidas, mtoto wa marehemu mdogo wake Anatoli, alimposa Jovina binti Bonaventura wa Murukulazo. Anatoli ndiye aliyesimama mahali pa baba. Alichagua mtamba kutoka zizi lake mwenyewe, mwekundu wa kuiva, mwenye pembe zilizofunguka vizuri, aliyeitwa Bihogo kwa ajili ya rangi hiyo. Siku ya kumpeleka, wazee wa Murukulazo walikaa, pombe ya ndizi ikaletwa, na Anatoli akauliza mwangaliaji wa upande wa mwanamke ni nani.

"Sina," Bonaventura alisema.

"Huna?"

"Mkwe wangu, nitafute mwangaliaji wa kufanya nini, nawe upo? Nani hapa Ngara atamwona ng'ombe akamwona kuliko wewe? Angalia wewe. Ukisema ndiyo, mimi nimesema ndiyo."

Wazee walikohoa. Ilikuwa heshima kubwa mno, na heshima kubwa mno kwetu hutolewa na mtu aliyekwisha kunywa. Desturi iliweka waangaliaji wawili kwa sababu nzuri, na sababu hiyo ilikuwa imekaa pale inawatazama wote wawili. Mtu mwingine angekataa. Anatoli alitabasamu, akamzunguka Bihogo, akamvuta ngozi, akasema:

"Kabla mwaka haujaisha, huyu atakuwa analamba ndama."

Mwaka uliisha. Bihogo hakulamba kitu isipokuwa chumvi.

Bonaventura hakulalamika. Alikuwa na haki ya kuletewa mtamba mwingine, lakini kuidai haki hiyo kulimtaka asimame mbele ya wazee walewale na kusema kwamba alimpokea ng'ombe kwa ushahidi wa aliyemleta. Aliitazama sentensi hiyo kila upande na hakuona pa kuishikia. Jumapili walipokutana kanisani, yeye na Anatoli walizungumza habari za maharage. Mwaka huo maharage ya Ngara yalijadiliwa kwa undani ambao hayajapata kujadiliwa tena.

Ndipo vita vikaja. Majeshi ya Uganda yalikuwa yamevuka na kulishika eneo la mto Kagera, na nchi nzima ilikuwa inachanga: wengine nguo, wengine mtama, sisi ng'ombe. Masharti yalikuwa mepesi kueleweka. Madume yaende, maksai waende, majike tasa waende. Jike mwenye mimba asiguswe, wala anayenyonyesha, wala mgonjwa. Ng'ombe watakaochaguliwa wangeswagwa kwa miguu hadi Biharamulo, na kutoka pale jeshi lingejua la kufanya. Anatoli apite kata kwa kata, atazame, aseme. Atakayesemwa aende, apakwe chokaa kwenye pembe.

Bwana mifugo naye alikuwapo, kijana msikivu, mwenye elimu nzuri na pikipiki isiyokuwa na petroli. Alikagua magonjwa, na aliyakagua vizuri. Swali la mimba alimwachia Anatoli, kwa kuwa glavu zake za kazi hiyo zilikuwa zimekwisha na maombi ya nyingine yalikuwa bado yapo safarini.

Jambo la kwanza lililoonekana ni kwamba ng'ombe wote wa Ngara walikuwa na mimba.

Tusielewane vibaya. Watu waliipenda nchi yao, na vijana wao walikuwa wanakwenda mpakani wakiimba. Lakini mtu anaweza kumtoa mwanawe huku akimficha ng'ombe, na asione kwamba kuna la kueleza. Kwa miaka yote Anatoli alikuwa amezoea watu wanaosifu wanyama wao kupita kiasi. Sasa alisikia wanyama wakitukanwa na wenyewe. Huyu ana kifua. Huyu ana minyoo tangu azaliwe. Huyu, mzee, usimsogelee, ana laana ya babu yangu. Na wasiotukanwa wana mimba.

Sindayigaya, jirani wa palepale Kirushya, alimleta mnyama wake akimvuta kwa kamba na kuanza kusema kabla hajafika.

"Shikamoo mzee. Huyu naye ana mimba."

"Marahaba. Huyu ni dume, Sindayigaya."

Sindayigaya aligeuka akamtazama mnyama kama aliyemsaliti.

"Nimechanganya kamba," alisema.

"Basi huyo wa kamba nyingine kamlete, naye nimwone."

Na walikuwapo wa upande wa pili. Domisiana, mjane, alileta maksai wake aliyekonda akataka apokewe. Mume wake alikuwa askari zamani za vita vya Wazungu, na yeye hakukubali jina la nyumba yake likosekane kwenye mchango. Anatoli alimzunguka maksai mara moja tu.

"Huyu abaki."

"Abaki kwa nini?"

"Hatafika Biharamulo. Atawafia njiani wanaomswaga."

"Unamdharau maksai wangu kwa sababu mimi ni mjane!"

"Mama, nimemdharau kwa sababu ya mbavu zake."

Domisiana alimtukana mbele ya Katibu Kata, akamtukana mbele ya bwana mifugo, akaondoka na maksai wake, kisha akarudi na mkungu wa ndizi kwa ajili ya wanaoswaga ng'ombe. Anatoli aliutazama ule mkungu, akasema ni mzuri. Alishindwa kuacha kuangalia vitu.

Kata ziliisha, ikabaki Murukulazo. Asubuhi ya kwenda huko, Verediana, mkewe, alimwekea uji na kukaa mbele yake, jambo ambalo hakulifanya bure.

"Leo utamkuta Bihogo."

"Nitawakuta ng'ombe wengi."

"Utasema nini?"

"Nitakachokiona."

"Anatoli, nisikilize. Ukisema ni tasa, ulichosema mwaka juzi ni uongo. Watu wataanza kuwarudia wale wote uliowapitisha, mmoja mmoja, tangu tumeoana. Na sisi tutatoa mtamba mwingine, maana Bihogo tulimtoa sisi. Tuna mitamba mitatu. Si kumi." Alimsogezea kikombe. "Sema ana mimba. Hakuna atakayeuliza. Vita vitakwisha, na mimba nazo hutoka."

"Bonaventura atajua."

"Bonaventura amejua mwaka mzima na amezungumza maharage."

Anatoli alikunywa uji wake wote. Verediana alikuwa mwanamke wa akili, na kila alichosema kilikuwa kweli. Mtu anayeishi kwa neno lake ana mali moja tu, na mali hiyo haiwezi kufichwa zizini. Akisema kweli, itapungua. Akisema uongo, itabaki nzima machoni pa watu wote isipokuwa yeye na Bonaventura, na tangu siku hiyo kila atakapofungua kinywa mbele ya ng'ombe, atajua anasema kwa neno la aina gani.

Uwanja wa Murukulazo ulijaa. Kazi ilikwenda haraka, kwa kuwa habari za kata nyingine zilikwisha kufika na watu walikuwa wamepunguza laana za babu. Jua lilipokuwa limesimama, Katibu Kata, kijana aitwaye Alfonce, alikunja mikono ya shati na kutangaza kwamba kata imetimiza lengo. Watu wakaanza kunyanyuka. Hapo Bonaventura akaingia, taratibu, na Bihogo nyuma yake.

Alikuwa amependeza, Bihogo. Ngozi inang'aa, pembe zimekwenda juu. Ng'ombe asiyenyonyesha ana muda wa kupendeza.

Bonaventura alisimama mbele ya mkaguzi na kuiachia kamba ikaanguka.

"Shikamoo wazee. Nimemleta kama tulivyoagizwa."

"Ana nini huyu?" Alfonce aliuliza, maana alikuwa amezoea kwamba kila mmoja ana kitu.

"Mimi sisemi," Bonaventura alisema. Alisema kwa sauti ya kutosha kufika hadi kwenye migomba. "Msemaji alikwisha kusema mwaka juzi, kwangu, mbele za watu. Aseme tena tumsikie."

Waliokuwa wamenyanyuka walikaa. Kuna kelele za aina nyingi, na mojawapo ni ile ya watu wengi wanaoacha kutafuna kwa wakati mmoja.

Alfonce hakuwa mjinga. Alimwinamia Anatoli sikioni, Bonaventura akiwa hatua mbili tu mbele yao. "Mzee, lengo tumefikisha. Huyu hatumhitaji hata. Sema ana mimba, twende tukale."

"Leteni maji," Anatoli alisema. "Ya mtoni, yawe baridi."

Maji yaliletwa, Bihogo akanywa. Anatoli alisubiri. Kisha alikwenda upande wa kulia wa mnyama, akaukunja mkono, akaikandamiza ngumi ubavuni chini, akatulia hivyo, kichwa kimeinama kama mtu anayesikiliza mlango. Ndama akiwa ndani hushtushwa na baridi ya maji, hugonga. Bwana mifugo alisogea, akaweka mkono wake kando ya mkono wa mzee, wakasikiliza wote wawili. Anatoli aliuondoa mkono, akatazama kiwele, akarudisha mkono tena. Alichukua muda mrefu kuliko kwa ng'ombe mwingine yeyote wa wilaya, na watu wa Murukulazo hawakumharakisha.

"Tasa," alisema. "Aende."

Aliyeshika chokaa hakusogea.

"Mpake," Anatoli alimwambia. Halafu akawageukia watu. "Mwaka juzi kuna mtu alisimama kwa Bonaventura akasema huyu atazaa kabla ya mwaka kuisha. Alikosea."

"Alikuwa nani?" mmoja aliuliza kutoka nyuma, kwa furaha kabisa.

"Mimi."

"Ulikosea vipi, mzee?"

"Nilimwangalia mnyama wangu mwenyewe, tena nimeshasifiwa. Hapo hata nyinyi mngemwona na mapacha."

Walicheka, na kicheko kiligawanyika, nusu ya kumcheka na nusu ya kucheka naye. Bwana mifugo alitikisa kichwa kukubali. Bihogo alipakwa chokaa pembe zote mbili, akasimama akipendeza zaidi.

Bonaventura alikuwa amekuja na hotuba. Alikuwa ameitunga mwaka mzima, kati ya mstari na mstari wa maharage, na sasa ilikuwa imekosa kazi. Alimsogelea Anatoli, akaanza kwa upole:

"Sasa, mkwe wangu..."

"Sina mkwe," Anatoli alisema, "mpaka vita viishe. Hukusikia tangazo?"

Akachukua fimbo yake akaenda kula na Alfonce.

Kesho yake jambo la ajabu lilitokea wilayani. Kata zilizokwisha kukaguliwa zilianza kuleta nyongeza. Majike waliokuwa wamesemwa na wenyewe kwamba wana mimba, na mkaguzi akawaacha kwa kuwa hakuwa na hakika ya kutosha, waligundulika kuwa hawana. Watu waliwaleta wenyewe, kimya, wakawafunga na kuondoka. Sindayigaya alimleta yule wa kamba nyingine. Taarifa ya kamati ilieleza kwamba mwamko wa kisiasa umeongezeka, na kwa kweli hakuna neno katika taarifa hiyo unaloweza kulikanusha.

Kundi liliondoka kwenda Biharamulo, likiswagwa na vijana wa kujitolea chini ya Nyanda, Msukuma mmoja wa upande wa Biharamulo aliyeujua msitu na mbung'o wake. Na lilipokwisha kupotea njiani, Murukulazo ilianza kusema. Alianza Melania, jirani wa Bonaventura. Alisema yeye amemwona Bihogo kila asubuhi kwa mwaka mzima, na kwamba wiki za mwisho kiwele kilikuwa kinajaa. Mwingine akakumbuka kwamba hata yeye alikiona. Kufikia Jumapili Bihogo alikuwa ameondoka na ndama tumboni, mzee amemtoa jike mwenye mimba kinyume cha masharti ili aonekane mkali, na Nyanda akirudi atasema kilichokutwa huko machinjioni.

Habari hiyo ilifika Kirushya kabla ya misa kwisha.

"Ngoja Nyanda arudi," Verediana alisema. "Ikiwa kulikuwa na ndama, Bonaventura hana cha kudai. Mtamba wetu utabaki. Ngoja habari ya Biharamulo."

"Habari ya Biharamulo ninayo," Anatoli alisema, na kumwita Leonidas amsaidie kufungua zizi.

Walitoka alfajiri na mtamba mweusi mwenye baka jeupe, wa kwanza kwa umri kati ya wale watatu. Walimkuta Bonaventura uani pake pamoja na wazee. Alikuwa ameambiwa wanakuja. Kwetu ng'ombe anapotembea, habari humtangulia. Jovina, aliyekuwa amekuja kwao kusalimia, alitoka jikoni akapiga magoti, akamwamkia baba mkwe wake, akarudi ndani, na mlango wa jikoni ukabaki wazi kiasi.

"Nimeleta," Anatoli alisema. "Desturi ni desturi."

"Karibu sana. Ila safari hii," Bonaventura alisema, na aliwatazama wazee mmoja baada ya mwingine, "safari hii nina mwangaliaji."

"Vizuri. Ndivyo inavyotakiwa. Nani?"

"Wewe."

Wazee walikohoa hadi mmoja wao akapewa maji.

"Bonaventura," mzee mwingine alisema, "si ndiko tulikotoka huko? Mwaka juzi hukuona?"

"Mwaka juzi nilimwomba mkwe wangu. Leo simwombi mkwe. Yeye mwenyewe amesema hana mkwe, uwanja mzima umesikia. Mimi namtaka yule mtu aliyesimama pale akajisema, na Katibu amekwisha kumfungulia mlango wa kutokea. Nionyesheni mwingine wa namna hiyo nimlete."

Walifikiri. Walitaja majina mawili, wakayarudisha wenyewe.

"Sawa," Anatoli alisema. Alimpa Leonidas kamba, akavuka ua, akasimama upande wa Bonaventura, kisha akatoka tena kutoka upande huo kana kwamba ndiyo kwanza anafika. Alimtazama mtamba mweusi akisimama. Alimvuta ngozi. Alimtazama miguu, kwato, mdomo. Alichuchumaa, akashika chuchu moja moja, na ya nne ikamchelewesha.

"Chuchu hii ni fupi, tena ngumu ndani kama ina kokwa," alisema. "Haitatoa maziwa. Simpokei."

Leonidas alidhani hakusikia vizuri. "Baba mkubwa, huyu ni wetu!"

"Najua ni wenu."

"Wetu, sisi! Wa zizi letu!"

"Leonidas, leo mimi ni wa huku. Mwambie aliyekutuma kwamba mtamba wake ana kasoro, alete mwingine."

Kama Anatoli aliijua chuchu ile kabla ya kufika Murukulazo, hilo lilijadiliwa miaka mingi, na wenye akili waligawanyika. Mimi naona kwamba mtu humtazama ng'ombe wake kwa macho ya nyumbani, yale anayomtazamia pia mke na paa linalovuja, na kwamba macho hayo huona kila kitu na hayasemi. Ilibidi avuke ua. Bonaventura, kwa upande wake, hakujadili kitu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake kama mtu aliyekodi jeshi.

Walimrudisha mtamba mweusi njia yote hadi Kirushya. Verediana alikuwa anapepeta maharage mlangoni.

"Bonaventura amemkataa?"

"Hapana."

"Nani basi aliyemkataa?"

Leonidas alitazama pembeni. Anatoli alieleza. Verediana aliweka ungo chini.

"Si nilikwambia ile chuchu, alipokuwa mdogo hivi?"

"Uliniambia nikiwa nyumbani," Anatoli alisema.

Mtamba aliyefuata alikuwa yule ambaye Verediana alikuwa amemweka moyoni kwa ajili ya maziwa ya uzeeni. Alimfungua mwenyewe, na alikwenda naye Murukulazo kwa miguu yake, ili, kama alivyosema, amwone huyo mwangaliaji mkali wa Bonaventura anafananaje. Anatoli alimzunguka mtamba huyo polepole, mke wake amesimama na kamba mkononi, uso umekazwa. Alishika chuchu zote nne. Alivuta ngozi, ikarudi.

"Atazaa," alisema.

"Una hakika?" Verediana aliuliza mbele ya wazee wote.

"Upande wetu umeridhika, mama," Anatoli alimjibu, na hata Verediana alicheka, ingawa kamba hakuiachia mara moja.

Chungu kililetwa. Anatoli na Bonaventura walikaa jirani, mirija miwili katika chungu kimoja, wakanywa. Kwa mara ya kwanza katika mwaka mmoja na nusu hakuna aliyetaja maharage. Walikuwa wamefika katikati ya chungu Nyanda alipotokea barabarani na wenzake, amejaa vumbi, akirudi kutoka Biharamulo. Walimkaribisha. Walimuuliza habari za msitu, mbung'o, askari aliowaona, magari mangapi, wanaimba nini, na kama ni kweli mizinga husikika hadi kwenye boma la kale la Wajerumani kule Biharamulo. Alijibu yote. Kuhusu tumbo la Bihogo hakuna aliyemuuliza, hata Melania, aliyekuwa amekuja kuazima kinu na kukaa. Nyanda alisubiri swali hilo mpaka pombe ikaanza kuisha, na mwishowe ilimbidi aseme mwenyewe, kwa uchungu kidogo, kwamba alikuwepo kwenye kuchinja na lilikuwa tupu.

"Ndiyo," Bonaventura alisema. "Mkwe alisema." Akamsogezea Anatoli mrija.

Hiyo ilikuwa Desemba. Vita vilikwisha mwaka uliofuata.